Pigo la Pili Ukingoni mwa Wadi

Kila mwaka baridi inapokaribia, skuli huwapelekea wazee wa watoto karatasi ya matangazo. Siku hizi matangazo huja kwenye simu, lakini mudira, mwalimu mkuu wa skuli, Ustadha Tahani, ana ada yake. Kijiji cha ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto ambao huwa mkavu mpaka mvua inyeshe, nje kidogo ya mji wa Ibra, Oman, kina mabibi wengi wasiojua kufungua ujumbe, kwa hiyo huko karatasi hupelekwa mkono kwa mkono, na kila nyumba hutia sahihi kwamba imeipata. Mpelekaji ni dereva wa basi, Harub.

Harub ni mtu wa miaka hamsini na tatu, mwembamba, na sauti yake haivuki viti viwili vya basi lake. Alizaliwa Wete. Mama yake alimleta Oman akiwa na miaka kumi na moja, na skulini akawekwa na watoto wa miaka saba kwa sababu hakujua kuandika Kiarabu. Magoti yake hayakuingia chini ya meza. Alistahamili mpaka darasa la nne. Siku moja mwalimu alimsimamisha asome, maneno yakamkwama, darasa zima likamcheka, na mkojo ukamtoka pale pale aliposimama. Hakurudi tena. Akaokota tende mashambani mwa watu, kisha akaendesha gari la maji miaka kumi na miwili, kisha basi la skuli miaka kumi na tisa. Mkewe, Hiba, husema kuwa mume wake kuku wakikaa barabarani huzima gari awangoje wamalize mazungumzo.

Tabia za wadi alifundishwa na Mahrous, mzee mwenye lile gari la maji. Alimwonyesha kwamba mafuriko hutoka milimani, mwendo wa saa nzima au zaidi, na hufika huku chini watu wakiwa juani wanaanika nguo. Akamwonyesha dalili zake pia: maji yakigeuka rangi, yakaanza kuleta makuti na vijiti, basi rudi nyuma, usiulize.

Karatasi ya mwaka huu ilikuwa na mambo manne. Harub aliipeleka sablani, kwenye ukumbi ambako wanaume wa kijiji hukutana kunywa kahawa.

"Haya, Harub, tusomee," alisema Hud, mkubwa wa sabla.

Harub akaisukuma bahasha kwa jirani yake. "Asome Sleyum. Ana sauti."

Sleyum alikuwa na sauti kweli, na kazi nzuri ya ofisini mjini. Alikulia Pemba, akaja Oman mtu mzima na vyeti vyake mkobani. Akasimama, akajikohoza.

"La kwanza, sweta. Ziwe bluu ya kuiva, zisiwe na picha ya paka wala ya mcheza mpira. Hud, ile yako ya paka ndiyo basi tena."

Watu wakacheka. La pili, kengele ya asubuhi kusogezwa nusu saa. La tatu, fomu za chanjo ya mafua. La nne Sleyum alilisoma polepole, akilirefusha kwa dhihaka.

"Basi halitavuka wadi yenye maji, hata yakiwa ya kifundo cha mguu. Dereva atangoja upande wa skuli pamoja na watoto, wala hatamkabidhi mtoto kwa mzee wake aliyevuka kuja kumchukua, mpaka maji yakatike." Akaishusha karatasi. "Ya kifundo cha mguu! Jamani, sisi Pemba masika tukienda chuoni maji kiunoni, juzuu kichwani, na tumefika wazima."

"Maji ya Pemba si kama haya," alisema Harub. Aliyemsikia ni Hud peke yake.

Sleyum akatia sahihi wa kwanza, herufi kubwa kubwa, akampasia kalamu wa pili.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumatano, saa nne za asubuhi, simu zikalia kila nyumba: milimani kunanyesha sana, skuli zinafunga mapema. Saa tano Harub alikuwa njiani na watoto kumi na tisa, wengi wao wa kike, na wadogo wa darasa la kwanza na la pili. Jua lilikuwa linawaka. Kwenye kivuko, pale barabara ya zege inapoteremka ndani ya wadi na kupanda ng'ambo, maji yalikuwa membamba, kina cha vidole vitatu. Lakini rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, na vipande vya makuti vilikuwa vikipita juu yake.

Harub alilirudisha basi nyuma mpaka juu penye mwinuko, akalizima.

"Ami Harub, mbona tumesimama? Kwetu naliona paa," alisema Wasan, binti wa Sleyum, msichana wa darasa la sita aliyekuwa akikaa kiti cha mbele siku zote.

"Tunangoja, mwanangu."

"Tunangoja nini?"

"Maji."

Ng'ambo wazee walikuwa wamekwisha kusanyika, wanapunga mikono. Kisha landkruza nyeupe ikajitenga nao, ikateremka, ikakata maji bila taabu, ikasimama upande wa huku, magurudumu ya nyuma bado yamo majini. Sleyum akashuka, akaiacha inanguruma na mlango wazi. Mkononi alikuwa na bakora yake.

"Umeona mwenyewe, hayakufika hata kwenye nati za tairi," alisema. "Fungua. Namchukua Wasan na hawa wadogo. Safari tatu nne nimewamaliza wote."

Harub alishuka, akaukunja mlango wa basi nyuma yake, akausimamia kwa mgongo. "Ngoja, Sleyum. Maji yana makuti."

"Watoto wana njaa, wewe unanitajia makuti. Tazama juu. Pana wingu?"

"Hapa hapana."

"Basi."

"Ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi ya sweta."

Watoto wa mbele wakacheka, na kwa kicheko kile wakaanza kuvaa mabegi. Harub alisikia viti vikilia. Akakamata vyuma vya pande mbili za mlango.

"Usinitie aibu mbele ya watu," alisema Sleyum, na sasa sauti ilikuwa chini. "Wanatazama wale."

"Watazame. Mimi nangoja tu."

"Wewe wa darasa la nne? Wewe uliyejikojolea mbele ya darasa? Unadhani hatujui? Leo wewe ndiye wa kunizuilia mwanangu?"

Harub alikaza mikono kwenye vyuma. Nyuma yake ndani ya basi hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Bakora ya kwanza ilimpata begani. Ya pili ilimpata vidoleni, akaachia chuma, akakishika tena. Ya tatu ikamwangukia mdomoni. Jino likakatika, akalitema pamoja na damu, ikamchirizika kidevuni hadi kwenye kanzu. Watoto wakapiga kelele. Sleyum akaitupa bakora, akamkamata ukosi kwa mikono miwili, akamgonga kichwa kwenye kioo cha mlango mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kioo kikapasuka. Kisha akamvuta, akamwangusha chini, akampiga teke la mbavu. Pumzi ikamtoka Harub. Akabaki amelala ubavu, mdomo umejaa vumbi, anahangaika kuvuta hewa.

Sleyum akafungua mlango, akapanda.

"Baba, umempiga Ami," alisema Wasan.

"Teremka."

"Sitaki."

Akamshika mkono, akamvuta kwenye ngazi. "Na nyinyi wadogo, njooni, twendeni nyumbani," aliwaambia wengine, na kwa kuwa ni mtu mzima wanayemjua, wakaanza kumfuata. Harub, shavu lake mchangani, aliona viatu vidogo vikishuka ngazi jozi baada ya jozi. Akahesabu sita.

Alitambaa hadi kwenye sanduku la vyuma ubavuni mwa basi, akalifungua, akatoa spana ya kufungulia magurudumu, chuma kizima, kirefu kama mkono kutoka kiwikoni. Aliposimama dunia ikamzunguka. Sleyum alikuwa amefika nusu ya mteremko, mkono wa kulia amemshika Wasan, wa kushoto amemshika Israa wa darasa la kwanza, na wengine wanne wanamwandama.

Harub hakumwita. Alimfikia kwa nyuma, akainua chuma, akakishusha juu ya mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Mfupa ulilia. Vidole vya Sleyum vikafunguka vyenyewe. Alipiga ukelele, akamwachia na Israa, akaanguka kitako, mkono unaning'inia kama si wake.

"Juu!" alisema Harub. Ilikuwa mara ya kwanza watoto kuisikia sauti yake ikiwa kubwa. "Juu, basini, nyote!"

Wakakimbia. Wasan peke yake alibaki hatua tatu mbele, kaduwaa.

Sleyum alikuwa chini, hana tena mtoto mkononi, hana bakora. Akainua uso kutaka kusema kitu. Harub akainua spana tena, akampiga kwenye goti, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na akaona kwamba Wasan anatazama.

Ndipo ukaja mngurumo, kama lori linalomwaga kokoto, lakini halimalizi kumwaga. Ng'ambo watu walianza kukimbia kupanda juu. Harub akatupa chuma, akamkamata Sleyum kwapani, akamburura. Sleyum alikuwa anapiga makelele ya maumivu na kutukana, na kisigino chake kinachora mstari mchangani. Wasan akashika kanzu ya baba yake, naye akavuta. Walikuwa hawajafika kwenye basi mafuriko yalipokata kona.

Yalikuwa maji na si maji. Ulikuwa ukuta wa tope, mawe, mashina ya mitende na mlango wa bati wa nyumba ya mtu, unasukumana, unapandana. Ile landkruza ilipigwa ubavuni, ikainuka kama sanduku tupu, ikageuka matairi juu. Taa zake zilikuwa bado zinawaka zilipozama. Nguzo za kupimia kina ziling'oka moja moja. Maji yakapanda mteremko, yakafuta ule mstari wa kisigino, yakafuta na pale aliposimama Wasan, yakasimama hatua chache chini ya gurudumu la basi, yanachemka.

Harub aliwahesabu watoto. Kumi na tisa. Akawahesabu tena.

Walikaa humo mpaka alasiri, watoto wamebanana nyuma, Sleyum amelazwa katikati ya viti. Harub alivua kilemba chake, akaufunga ule mkono kwa kilemba na rula mbili za watoto. Sleyum aliuma meno, macho darini. Harub akatoa chupa ya maji, akampa Wasan amnyweshe baba yake. Msichana hakuipokea. Aliitazama ile mikono iliyoishika chupa, akageuza uso, akaenda kuomba maji kwa wenzake. Harub akaiweka chupa kitini, akashuka, akakaa nje kwenye ngazi na mdomo wake uliovimba mpaka waokoaji walipofika.

Polisi waliandika yao. Skuli ilimsimamisha Harub kwa siku kumi, kisha Ustadha Tahani akampigia simu kwamba anaweza kurudi. Sleyum hakushitaki. Alipotoka hospitali alimtuma Hud amwambie Harub aje sablani Ijumaa baada ya sala, na Harub akaenda, kanzu safi, moyo unamwenda mbio kama siku ile ya kusimamishwa asome.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Sleyum alikaa amenyoosha mguu, mkono ndani ya plasta. Wakasalimiana. Kahawa ikapita, na hakuna aliyeleta mzaha.

"Nimekuita mbele ya watu," alisema Sleyum, "kwa sababu nilikupiga mbele ya watoto. Nilikosa. Kama si wewe, mwanangu asingekuwepo leo, na wa wenzangu wasingekuwepo. Ule mkono nimekusamehe, na nakushukuru juu yake. Lakini nina suali."

"Uliza."

"Nilikuwa nimekwisha mwachia. Niko chini. Goti ulinipigia nini?"

Watu wote wakamgeukia Harub. Hud akataka kuingia kati, akasema mambo ya moto wa wakati ule, na hasira za shetani. Harub angenyamaza tu, Hud angemmalizia maneno, na kila mtu angerudi kwake ameridhika. Harub alitazama kikombe chake.

"Mkono ulikuwa wa watoto," alisema. "Goti lilikuwa langu. Kwa yale uliyosema."

Alisema kwa sauti yake ile ile ndogo, lakini ukumbi ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Sleyum alivuta pumzi puani. Akaukanda mguu wake kwa mkono mzima, kwa muda mrefu.

"Hilo la goti sikusamehe," alisema mwisho.

"Sikukuomba."

"Binti yangu ameniambia hataki kukuona. Kila akifumba macho anakiona kile chuma. Nimemwambia amchukie amtakaye, lakini hakuna mwengine ninayemwamini kumvusha." Akakiweka kikombe chini. "Jumapili mpitie."

Jumapili, skuli zinapofungua wiki, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, baridi imeingia na watoto wote wamo ndani ya sweta za bluu, Harub alisimamisha basi mbele ya nyumba ya Sleyum, akafungua mlango. Wasan alipanda bila salamu. Alikipita kiti cha mbele, akaenda moja kwa moja hadi nyuma kabisa, akakaa, akageukia dirishani. Harub alingoja mpaka alipokwisha kufunga mkanda, kisha akaufunga mlango, akaondoka taratibu.