Kujitwika Mwenyewe

Uti wangu wa mgongo ulianza kupinda nikiwa msichana, na bega langu la kulia limekaa juu kana kwamba nimeulizwa swali nisilolijua. Kwetu Chimala hilo lilinipa cheo: mchambua mchele. Wenzangu wakibeba maji na kuni, mimi naketishwa mkekani na ungo. Niliuchukia ule ungo.

Aliyeniketisha ni mama, kwa kunipenda. Kwetu mwanamke hajitwiki mzigo, mwenzake humtwika. Nikiinamia ndoo tu, mama anapaza sauti: "Mtu asimtwike huyo! Mgongo utakatika." Nani angethubutu?

Kazi ikanipeleka Iringa, nikajiunga na gym ya uani pale Kihesa, yenye vyuma vya kunyanyua vilivyofungwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Mtaalamu wa viungo alishaniambia mgongo hautanyooka, ila misuli ikikomaa itaushikilia. Mwalimu wa mazoezi akanikuta mbele ya kioo nahangaika kusawazisha mabega.

"Dada, acha kugombana na kioo. Kaza tumbo, sukuma miguu."

Nilimtukana kimoyomoyo, nikasukuma. Kwa baridi ile ya Iringa chuma kinauma viganja, lakini niliendelea mwaka mzima, na sketi zikaanza kunibana mapajani. Nilifurahi kupita kiasi.

Sikukuu ya mavuno, kila nyumba kanisani kwetu hupeleka mpunga mpaka madhabahuni. Wetu hubebwa na shangazi. Mwaka huu nikarudi Chimala, nikasema nitabeba mimi.

Mama akakunja mikono. "Sikutwiki."

Shangazi naye akageuka kutazama kuku.

Basi nikachuchumaa mbele ya debe la mpunga, nikakaza tumbo, nikasukuma miguu. Debe likafika mapajani, kifuani, begani, kisha likatulia kichwani juu ya ngata. Shangazi akawasahau kuku.

"Yesu wangu!" shangazi akasema.

Mama alinifuata njia nzima, mikono juu, tayari kulidaka. Mimi nilitembea kwa maringo, bega moja juu, jingine chini, sina aibu hata chembe. Madhabahuni wazee wa kanisa wakaja kunitua. Nikawakatalia, nikajitua mwenyewe, vigelegele vikalipuka.

Nikamgeukia mama, nikitegemea machozi. Alijifuta jasho, akanitazama juu mpaka chini, vile anavyowatazama mabinti wengine wakizembea.

"Limebaki jingine nyumbani," akasema. "Kalilete."