Pointi ya Kumi na Tano

Hapa kwetu Corwith, Indiana, mtu anaweza asijue jina la jirani yake lakini akajua timu ya chuo ilifungwa na nani mwaka ule wa theluji kubwa. Ndiyo maana Lorna Vandiver hakuwahi kuwa maarufu. Yeye alilinda alama nyingine, zile za darasani, ambazo hakuna anayezipigia makofi wala tarumbeta, lakini zikishuka tu, timu nzima ya mpira wa kikapu inafungiwa nje ya mashindano ya kitaifa ya Machi, hata kama imemfunga kila aliyekuja.

Hesabu yenyewe si ngumu, na Lorna alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari kabla chuo hakijamchukua awe mshauri wa masomo wa wachezaji. Kila mchezaji anayesomeshwa na chuo huiletea timu pointi mbili kila muhula: moja kwa kubaki masomoni, nyingine kwa kufaulu kiasi cha kuruhusiwa kucheza. Pointi za miaka minne hujumlishwa, kisha hupimwa juu ya elfu moja. Mstari ni mia tisa na thelathini. Mkiwa chini ya hapo, kaeni nyumbani muwatazame wenzenu kwenye televisheni.

Alikuwa binti wa dereva wa basi la shule, mfupi, mnene kidogo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Ujane ulimkuta ana miaka arobaini na mmoja, moyo wa mumewe Verlin, fundi wa matrekta, ulipogoma akiwa chini ya trekta la mteja. Hawakujaaliwa mtoto. Basi wale vijana kumi na tatu wa timu, wenye miguu isiyoenea chini ya dawati lolote, wakawa wanawe, nao wakamwita Mama V. Jumapili aliwaokea pai za maziwa na sukari. Siku za kazi, saa mbili asubuhi, alizunguka madarasa akichungulia milangoni na karatasi mkononi, na akimkosa mmoja, alimfuata bwenini.

"Mama V, nilikuwa njiani kuja!"

"Njiani na kandambili za kuogea? Vaa viatu, mwanangu. Profesa hafundishi bafuni."

Walimcheka, naye akawacheka. Ofisini walisema mama yule ana mkono wa baraka, maana vijana wake wote wanamaliza chuo. Ni kweli walimaliza. Walimaliza nini, hilo ni swali ambalo Lorna alijizoesha kutolisogelea. Mchezaji dhaifu alimpeleka kwenye masomo mepesi ili asianguke. Baadaye akampeleka huko na yule wa wastani, kwa usalama tu. Ikafika siku ambapo kumi kati ya wale kumi na tatu walikuwa wanasomea kitu kimoja kiitwacho Masomo ya Jumla, na hakuna aliyeuliza kwa sababu pointi zilikuwepo ubaoni.

Marquell Oatis alikuwa mmoja wa hao kumi. Alitoka Gary, mrefu wa kuinama kila mlango, na alilelewa na bibi yake, Earlene, ambaye alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki. Mtoto alifanyia kazi zake za shule kando ya ile mashine, manesi wakimfundisha kusoma namba zake. Alipokuwa mwaka wa pili chuoni, alijiandikisha kemia na somo la mwili wa binadamu, juu ya mzigo ambao Lorna alimpangia, akapata A mbili. Kisha akaja ofisini.

"Mama V, nataka kuomba uuguzi."

"Uuguzi? Wewe? Vitanda vyao vitakutosha miguu kweli?"

"Si wanalala wagonjwa, mimi nasimama." Akacheka, halafu akaacha. "Lakini kweli. Bibi anasema nina mikono ya kazi hiyo. Nijaribu?"

"Jaribu, mwanangu. Utapungukiwa nini?"

Akamsainia fomu. Ukweli, ambao Lorna alikuja kuukiri kwa aibu, ni kwamba alisaini kwa kuwa hakudhani kijana atapata.

Kwa utaratibu wa chuo chetu, majibu yote ya wachezaji hupitia kwa mshauri wao wa masomo, ili asipotee mtu. Barua ya idara ya uuguzi ilifika mezani kwa Lorna katikati ya Aprili. Walioomba walikuwa mia moja na kumi na wawili, nafasi ishirini, na Marquell Oatis alikuwa wa tatu. Lorna alipiga kelele ya furaha peke yake ofisini. Akachukua kalamu ahesabu mambo yatakavyokuwa, na furaha ikamtoka.

Sheria inasema mchezaji akianza mwaka wa tatu awe ameshakamilisha asilimia arobaini ya shahada aliyoichagua. Kwenye Masomo ya Jumla, Marquell alikuwa na arobaini na sita. Kwenye uuguzi angekuwa na ishirini na tisa, kwa sababu historia ya michezo na uongozi wa kambi, masomo aliyojazwa na Lorna mwenyewe, hayahesabiki kule. Angekaa nje ya uwanja msimu mzima, na timu ingepoteza pointi moja. Kwa miaka minne walikuwa wamepoteza kumi na nne na kusimama kwenye mia tisa thelathini na tatu. Ya kumi na tano ingewashusha hadi mia tisa ishirini na nane.

Akaenda kwa kocha Brandt Huddleston, aliyekuwa anakula mchana wake juu ya ramani za michezo.

"Niambie tu, tuko juu ya mstari au hatuko," kocha akasema.

"Tuko. Marquell akihamia uuguzi, hatuko."

Kocha alitafuna polepole. "Nina vijana wanne hapa wa mwaka wa tatu. Mwakani ndiyo Machi yao ya mwisho."

"Najua."

"Mimi nafundisha mpira, Lorna. Mambo ya madarasa ni yako. Mimi sijasema kitu."

"Hujasema."

Baadaye alitamani sana kwamba kocha angesema. Angepata mtu wa kugawana naye lawama. Lakini hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemtisha, na kesho yake asubuhi alimwita Marquell, akafunga mlango, akamwambia kwa sauti yake ya umama:

"Wamekukatalia, mwanangu."

Kijana aliitazama mikono yake. "Wamesema kwa nini?"

"Hawasemi kwa nini. Walioomba walikuwa wengi mno."

"Hata zile A hazikutosha."

Lorna akatikisa kichwa.

"Basi," Marquell akasema. "Angalau nimejaribu. Asante kwa kunisainia, Mama V."

Akashukuru! Lorna alibaki ameshika kitasa cha mlango mpaka viatu vya yule kijana havikusikika tena. Halafu aliiandikia idara ya uuguzi sentensi moja, kwamba mwanafunzi ameamua kuendelea na masomo yake ya sasa. Nafasi ikaenda kwa wa ishirini na moja. Mwaka uliofuata timu iliingia mashindano ya Machi, mji ukafunga maduka mapema, tukavaa kijani cha timu kuanzia watoto mpaka mbwa, na tukatolewa mchezo wa kwanza kwa tofauti ya pointi ishirini na mbili.

Marquell alimaliza chuo. Siku ya mahafali Earlene alimshika Lorna mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Umenilelea mtoto." Lorna alisema ni kijana mzuri, akasingizia joto, akaondoka kabla ya keki.

Miaka saba ikapita. Februari hii barafu ya maegesho ya magari ilimwangusha Lorna na kumvunja nyonga. Jumatatu, akiwa ameshafanyiwa upasuaji, kitanda chake kilisubiri kupelekwa eksirei, na sauti ikasema juu ya kichwa chake:

"Nani huyu ananidai nimsukume bila pai?"

Alikuwa Marquell, ndani ya sare ya buluu iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Kazi yake pale ilikuwa kusukuma vitanda. Mwaka wa nne huo. Alifurahi kiasi cha kumbusu Lorna paji la uso mbele za watu, na njia nzima alimtangaza: "Huyu ndiye Mama V! Bila huyu mimi nisingemaliza chuo!" Jumanne alimletea sandwichi ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, ile pana kuliko mkate wake, akaikata vipande vidogo ili ale bila kujiinua. Lorna alikula vyote.

Siku hiyo hiyo nesi mkuu wa wodi, Rosalind Kuyper, mama wa maneno makali na miguu myepesi, aliwakuta wanaongea.

"Wewe ndiye mwalimu wake? Hebu nisaidie na huyu mkaidi. Fomu ya chuo cha uuguzi cha hapa mjini nimempa tangu Krismasi. Mwisho ni Ijumaa. Wagonjwa wangu wanamuuliza yeye kwanza ndipo waniulize mimi."

"Bi Rosalind, si nilishakwambia?" Marquell alisema huku akitabasamu. "Niliomba mara moja. Wenye kazi yao wakanitazama, wakaona simo. Mimi sina kinyongo nao."

"Mtu hukataliwa mara moja ukaisha?"

"Kwangu iliisha." Akageukia kwa Lorna, sauti ikashuka. "Kilichoniuma ni bibi. Alikufa anajilaumu, Mama V. Alisema yeye ndiye aliyenijaza ndoto kubwa kuliko kichwa changu."

Lorna alijibu kitu, hakumbuki nini. Jumatano hakula. Alikuwa amezoea kujiambia kwamba aliwaokoa vijana kumi na wawili kwa kumgharimu mmoja, na ile hesabu ilimtuliza miaka hiyo yote. Sasa huyo mmoja alikuwa na uso, alikuwa na bibi kaburini, na kila asubuhi alikuja kumwekea mito. Lorna alijiona mchafu. Alitafuta njia ya kumsaidia bila kujivua nguo, akaipata, na alasiri akaijaribu.

"Jaribu tena, mwanangu. Ijaze ile fomu. Kwa ajili yangu."

Marquell alimtazama kwa huruma. "Mama V, si wewe uliyeniletea habari? Nakumbuka uso wako siku ile. Ulikaribia kulia. Sitaki kukuona hivyo tena."

Hapo akajua hakuna mlango wa nyuma. Akisema, atampoteza, na pengine kazi na jina, maana chuo kitafungua mafaili na mia tisa thelathini na tatu yake itachunguzwa. Asiposema, Ijumaa itapita, na huyu mtu atasukuma vitanda mpaka azeeke akiamini kichwa chake ni kidogo.

Alhamisi saa nne asubuhi Marquell alikuwa akimrudisha kutoka mazoezi ya viungo. Walikuwa katika korido ndefu ya ghorofa ya pili.

"Simamisha kitanda," Lorna akasema.

"Inauma?"

"Hawakukukatalia."

"Akina nani?"

"Uuguzi. Walikuchukua. Barua ilikuja mezani kwangu. Ungehama tungepoteza pointi moja na timu ingefungiwa, kwa hiyo nikakwambia wamekukatalia. Kocha hakunituma. Hakuna aliyenituma. Nilifanya mimi."

Alikuwa nyuma ya kitanda, Lorna hakuweza kuuona uso wake. Mfanyakazi wa usafi alipita na ndoo, akasema, "Vipi, mrefu?" akaenda zake.

"Nilichukuliwa," Marquell akasema.

"Ndiyo."

"Mwisho mwisho hivi? Wa kubahatisha?"

"Ulikuwa wa tatu. Katika watu mia moja na kumi na wawili."

Kisha akasema, "Bibi," kama anayeanza sentensi, na sentensi haikuja.

"Nisamehe," Lorna akasema, na papo hapo akajionea aibu, kwa kuwa hata hapo alikuwa anamwomba kijana amfanyie kitu. Akaharakisha: "Leo hii nawaandikia chuo, kwa jina langu, nitaeleza yote. Na hiyo fomu ya Bi Rosalind, ukiijaza leo mimi nitakupangia..."

"Usinipangie." Hakupaza sauti. "Tafadhali. Usinipangie kitu tena."

Kitanda kikaanza kwenda. Hakukisukuma kwa hasira, na hilo ndilo lililomliza Lorna. Penye kizingiti alikinyanyua kidogo ili nyonga isitikisike, vilevile kama siku zote. Chumbani alikaza breki, akainua vyuma vya pembeni, akamfunika miguu, akachukua kengele ya waya iliyokuwa imeanguka na kumwekea kiganjani.

"Ukihitaji nesi, Bi Vandiver, bonyeza hapa," akasema, akatoka.