Ngoma ya Bibi Nyuma ya Kioo

Mama mkubwa alipokata shauri kwenda Utete kuangalia chumba cha mambo ya kale, mimi niliugua ghafla. Nikasema kichwa kinauma. Akanimezesha vidonge viwili, akajifunga kanga, akasema gari la saa mbili kutoka Kibiti hatulikosi. Huyu ni dada wa mama yangu, na ndiye aliyekuwa somo wangu, mwalimu wangu wa unyago, nilipovunja ungo nikawekwa ndani. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemdanganya mara moja tu maishani, na ndiyo iliyokuwa ikinitesa asubuhi ile.

Mama alipofariki, mimi ndiye niliyesafisha nyumba yake kule Mbwara. Watu wa chumba kile cha Utete walikuwa wakipita kukusanya vitu vya zamani, nami kwa kujifanya msomi nikawapa kinu, dema la kuvulia samaki na mbuzi ya kukunia nazi. Chini ya kitanda nikakuta ngoma ndogo imeviringishwa kaniki. Ilikuwa ya bibi, ngoma ya unyago, ile ambayo mwanamume haioni kabisa. Niliijua vizuri. Lakini nikajiambia, siku hizi nani anachezwa unyago? Nikawapa na hiyo. Mkusanyaji akauliza inatumikaje, na mimi, mdomo wangu hauna kifuniko, nikamweleza yote. Mama mkubwa alipoiulizia, nikamwambia imeliwa na mchwa.

Njia nzima niliomba. Gari liharibike. Mwenye funguo za chumba awe amekwenda msibani. Mama mkubwa alikuwa akimenya machungwa na kunipa vipande.

"Mbona kimya hivyo, mwanangu?"

"Kichwa, mama."

"Vidonge gani hivyo visivyofanya kazi?"

Tulikuta mlango wazi na feni inazunguka. Mhudumu, binti mchangamfu, alitupokea kwa shikamoo. Nikamshika mama mkubwa mkono, nikampeleka ukuta wa mbali penye picha za Wajerumani na meli yao iliyozama huku deltani. Nilieleza mpaka koo likakauka. Nilieleza hata nisiyoyajua. Alizitazama kwa adabu, kisha akageuka mwenyewe.

Ngoma ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, haina kaniki, na wanaume wawili wameinama wanaipiga picha.

Mama mkubwa hajui kusoma. Alisogea, akaonyesha kadi iliyobandikwa pembeni. "Hapo pameandikwa nini?"

"Ngoma ya zamani," nikasema. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Mhudumu, kwa wema wake, akaona nimefupisha mno. Akaisoma kadi yote kwa sauti: ngoma ya kumchezea mwali, anafundishwa nini, inapigwa saa ngapi, na kwamba maelezo yametolewa na binti wa marehemu aliyekuwa akiitunza. Wale wanaume wakatazamana, wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkubwa alivua kanga yake ya juu, akaitandaza juu ya kioo, akaiweka sawa pembe zote kama anayefunika chakula cha mgeni. Nikainamisha kichwa kungoja laana. Nilijua imenifika, na nilijua ninastahili.

Yeye akamgeukia mhudumu, akasema kwa upole, "Mama, huyu msimlaumu. Mwali akikosea, aibu ni ya somo wake. Mimi ndiye sikumfunza."

Hakunitazama. Afadhali angenizaba kofi mbele yao wote.