Mahari ya Mwalimu Rajabu

Sipendi visa vya mizimu. Nimesoma chuo kikuu, navaa miwani, na katika mazungumzo ni mimi huwakatiza wenzangu wakianza habari za wafu. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba haya yalinipata mimi, mchana, nikiwa na akili zangu zote, elewa kwamba ingeniwia rahisi zaidi kuwa mwongo.

Ilikuwa Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi. Nilikuwa kijana wa Kyebando mwenye shahada na asiye na kazi, na redio ilitafuta msomaji wa matangazo ya Kiswahili. Wasomi wenzangu waliikimbia lugha hiyo kwa sababu waliizoea kwenye vizuizi vya askari barabarani, ikidai vitambulisho. Mimi nilikuwa na njaa. Nikapewa miezi mitatu ya majaribio chini ya Bi Zainabu, mama wa ukoo uliotoka pwani zamani kwa biashara, ambaye Kiswahili kwake kilikuwa chombo cha nyumbani kama sufuria.

Tatizo langu lilikuwa la Waganda wengi: R na L kwangu zilikuwa herufi moja. Rais alikuwa "Lais". Nilipojitahidi kujirekebisha, nikapita kiasi, kila L ikageuka R.

"Chuo kikuu walikupa shahada wakasahau kukupa herufi," Bi Zainabu alisema. "Sema mahali."

"Mahari."

"Mahari ni ya kuolea, mwanangu. Unataka kuoa kila kijiji unachokitaja? Sema tena."

Kanuni ya kazi ilikuwa moja: karatasi yenye muhuri husomwa, isiyo na muhuri haisomwi. Aliyeivunja alifuatwa na gari, na halikumrudisha.

Siku moja, saa saba mchana, karani wa dirishani alikwenda kula, nikakaa mahali pake. Kwenye benchi palikuwa na mwanamume mwembamba, suti ya kahawia, vidole vyenye chaki. Sikumwona akiingia. Alinipa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: "Mke wa Mwalimu Rajabu, Kawempe. Mahali ni tanuri la matofali lililoachwa, bondeni Kyebando. Njoo na ndugu wanne na shuka jeupe."

"Haina muhuri, mzee," nikamwambia. "Mwenye muhuri anakula."

"Atakula mpaka lini?"

"Saa nane."

"Mimi sina saa nane."

Nikamwuliza huyo Mwalimu Rajabu ni nani.

"Alichukuliwa kwa gari mbele ya darasa lake. Mkewe hafungi mlango usiku, anadhani atarudi. Siku hizi watu wanaingia nyumba zilizo wazi. Mwambie aufunge."

Je, wewe ungefanya nini? Mimi si shujaa. Hata mbwa wa jirani alinijua kwa hilo. Nilifikiria kazi yangu, nikafikiria lile gari. Kisha nikamfikiria mwanamke aliyelala na mlango wazi katika Kampala ile, na woga wangu ukaona aibu kidogo. "Nitasoma," nikasema. Sikuongeza neno lingine, nisije nikajisikia nikibadili nia.

Saa saba na nusu niliingia studio. Alinifuata, na mlango ule mzito haukulia. Taa nyekundu ikawaka. Akainama sikioni mwangu, akawa ananifundisha huku maikrofoni iko wazi: "Ma-ha-li. Ulimi juu. Ma-ha-li." Nikatazama mshale wa mita unaopima sauti. Niliposema mimi, uliruka. Aliposema yeye, ulilala kimya.

Hapo ndipo nilipojua. Hata hivyo nilisoma tangazo lote mpaka mwisho, nikasema "mahari" wazi kabisa, kwa R iliyonyooka ambayo Bi Zainabu aliisubiri kwa miezi miwili. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu.

Ofisa wa jeshi alifika kabla karani hajarudi. Bi Zainabu, aliyekuwa amesikiliza, alikuwa ameshafungua droo ya karani na kuipiga muhuri karatasi ile.

"Wewe natangaza nini? Tanuri ya nini?"

"Mahari, afande," Bi Zainabu alijibu kabla yangu. "Hukusikia? Matofali, ndugu wanne, shuka jeupe. Watu wanaoana."

"Watu naoa kwa matofari?"

"Sukari haipatikani, afande. Waoe kwa nini?"

Ofisa akacheka. Kisha akaondoka. Bi Zainabu aliurudisha muhuri kwenye droo ya karani.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa Kawempe alikuja dirishani kushukuru. Walimpata mumewe tanurini, akiwa na siku tisa pale. Nikamwuliza kama alikuwa na suti ya kahawia.

"Hiyo ndiyo tuliyomvua, sebo," alisema, akiniita bwana kwa Kiganda. " Sasa nafunga mlango."

"Nilisema mahari," nikaungama. "Ulijuaje kuwa ni mahali?"

Akanishangaa. "Si neno moja?"

Ningependa kisa kiishie hapo. Lakini Jumatatu, karani alipokwenda kula, kwenye benchi walikaa watatu. Ijumaa walikuwa saba, mmoja na sare ya muuguzi. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake. Niliwasoma wote, si kwa siku moja, kila mmoja kwa kosa lake la kumfaa. Bi Zainabu aliandika kwenye ripoti yangu, mwaka baada ya mwaka: "Mtangazaji bado anajifunza." Nadhani mimi ndiye mhitimu pekee nchini aliyefanya majaribio ya miezi mitatu kwa miaka mitano, na ofisa yule alinitaja mara nyingi kama mfano wa ubovu wa elimu ya juu.

Nimestaafu redio, lakini wao bado hunijia. Nikikaa peke yangu penye benchi, hospitalini au benki, husogea mtu akaketi karibu na kunyoosha karatasi. Kwa hiyo nakuonya wewe unayefanya kazi dirishani: akikujia mtu ambaye hukumwona akiingia, usimwambie arudi saa nane. Isome karatasi yake kwa sauti, kwa lugha yoyote uliyonayo. Nyumbani kwake kuna mtu anasikiliza.