Nilimsomea Mwenzangu Albadiri kwa Picha Isiyo Yangu

Admin, nifichie jina, maana wanaonijua humu ni wengi. Mie ni mama wa miaka arobaini na nane, naishi Mtoni, nina mume na watoto watatu. Shule niliishia la saba. Binti yangu alinifungulia kitovuti, naeleza vyombo vya jikoni: blenda ipi inasaga, ipi ni ya kupendezesha kabati tu. Akina dada wananiamini, nikisema kibovu ni kibovu.

Picha sipigi mwenyewe, jiko langu lina giza. Wakala wa kiwanda cha vyombo hivyo, yuko Kariakoo, hututumia sisi tunaovieleza picha safi kwenye simu. Mie naandika jina la tovuti yangu katikati, herufi kubwa, mtu asichukue. Binti aliwahi kuniuliza, "Mama, hizi si umepewa tu?" Nikamjibu, ukipewa zawadi si yako? Nimeziandika jina miaka yote hiyo mpaka nikaamini ni zangu kweli.

Basi nikaiona picha ya blenda, ile ile, kwenye ukurasa wa mama mmoja wa Kiwalani, tumwite Mama Rama. Ni mjane, tuko naye darsa la akina mama kila Alhamisi. Jina langu halipo. Nikajua kalifuta. Nikampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Futa picha yangu."

"Yako ipi tena? Mie nimetumiwa na wakala."

"Kila mwizi katumiwa."

Akacheka kidogo. "Kwani hiyo blenda uliizaa wewe?"

Kicheko kile kiliniunguza. Nikamripoti mpaka ukurasa wake ukafungwa, na bado haikunitosha. Alhamisi nikasimama darsani nikasema kuna mwenzetu kaiba jasho langu, nampa siku tatu aje aombe radhi, la sivyo nasoma Albadiri, kile kisomo cha kumwapiza mwizi. Jina sikutaja, ila macho yangu yalikuwa kwake, na kila mtu akageuka. Hakuja. Ikasomwa.

Mwezi uliopita wakala kanipigia. "Mama, kiwanda kinauliza mbona umeandika jina lako kwenye picha zao. Zile ni mali ya kiwanda, wote mnaoeleza vyombo vyetu tunawapa mzitumie, hatukumpa mtu azimiliki. Na Mama Rama picha yake tulimtumia sisi wenyewe."

Ndugu zangu, binti wa Mama Rama alikuwa na posa. Upande wa mwanaume wamesikia mama mtu kasomewa, wamesimamisha kila kitu, jibu lao la mwisho watatoa Ijumaa hii. Darsani watu hawagusi maandazi yake. Anakaa karibu na mlango, anaondoka kabla ya chai. Nikisujudu namwona yeye.

Nilikwenda kwa shehe. Kaniambia, "Mlango wa toba uko wazi, lakini haki ya yule mama anayo yeye. Ulimchafua mbele za watu, kamsafishe mbele za watu." Mume wangu kakataa katakata. "Usimame useme ulimwapiza mtu kwa mali isiyo yako? Mie msikitini nitapita wapi? Mpelekee kanga, muombe radhi kimya kimya, yaishe."

Nikampelekea doti ya kanga. Aliipokea, akaiweka kando bila kuifungua. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, nikalia. Akaniinua, akasema taratibu, "Nimekusamehe, dada. Ila mie sikusemwa chumbani."

Darsa ni kesho kutwa. Nikinyamaza, binti wa watu anakosa ndoa kwa kiburi changu. Nikisema, mume kaapa nisirudi nyumbani kwake, na najua hasemi mzaha. Mungu nimemuomba mpaka maneno yamenikauka. Nyie mliowahi kumvunjia mtu heshima, kisha mkajua alikuwa msafi, mlisimama vipi mkasema? Na nyumba zenu mlizinusuru vipi? Nijibuni kabla ya Alhamisi, nawasoma wote.