Bizari Ndani ya Kuvumwani

Hafiz wa mtaa wa Bondeni, Nakuru, alikuwa mtu wa Pwani kwa mdomo tu. Babu yake ndiye aliyetoka Mombasa kwa gari moshi. Yeye bahari aliiona mara moja, safari ya shule, akatapika. Lakini maabara ya chuo alikofanya kazi ilipoletewa kuvumwani kutoka Pwani, yale magamba ya kijivu yanayoota kwenye magome ya mikoko, alijipiga kifua: "Hizo niachieni. Ni za kwetu."

Kazi yenyewe: kusaga magamba yawe unga, kutoa DNA, kuipeleka Nairobi isomwe ijulikane ni spishi gani. Mashine ya kusagia ikafa. Dakta Jepkemboi, mkuu wa maabara, akasema wangoje fundi. Hafiz na kungoja wapi na wapi? Alibeba bahasha zote za sampuli hadi nyumbani.

"Umi, naomba kinu."

"Kile cha bizari?" mamake, Bi Samsam, akauliza. "Ngoja nikioshe basi."

"Umi, hii ni sayansi. Kipanguse tu, nimechelewa."

Akatwanga huku akiimba. Jioni, barazani, akawatangazia majirani kwamba kuna spishi mpya mle na itapewa jina lake. Wakaanza kumwita Profesa. Hakukanusha.

Majibu yalipokuja kutoka Nairobi, Lewis, mwenzake wa kazi, aliyasoma kwenye skrini mbele ya wote, akarudia kusoma, kisha akalaza kichwa mezani, mabega yakitikisika.

"Hii ni bizari nyembamba, wasee. Na hii pilipili manga. Sampuli zote. Tumegundua pilau!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Dakta Jepkemboi hakucheka. Sampuli zilikuwa zimetwangwa zote, hakuna iliyobaki. "Hafiz, bizari imetoka wapi?"

Ulimi ukatangulia kichwa. "Ni mathe, Dakta. Nilizibeba nyumbani nikaandike lebo, akazishikashika na mikono ya bizari. Si mnajua wamama."

Wakamhurumia.

Lewis hununua mahamri kwa Bi Samsam. Jioni hiyo akamtania: "Mathe, umetuulia utafiti, na sasa Hafiz atafutwa!" Asubuhi yake Bi Samsam akaingia maabara na buibui la harusini, hotpot ya pilau mkononi, kinu kwapani, kimesuguliwa hadi kimepauka.

"Daktari, nimekuja kuomba radhi. Mimi sijasoma, nilishika vya watu. Mtoto asifutwe kazi."

Hakumtazama mwanawe. Masikio ya Hafiz yaliwaka moto. Wala hakuhitaji kusema uongo mwingine. Kunyamaza tu kungetosha, kazi ingebaki. Lewis tayari alikuwa anafungua hotpot.

"Hakushika kitu," Hafiz akasema, sauti kama ya mtoto anayeomba kwenda choo. "Nilitwanga mimi. Alitaka kukiosha kinu, nikamkataza."

Lewis akaifunika hotpot polepole.

"Keti, mama. Samahani sana," Dakta Jepkemboi alimwambia Bi Samsam. Kwa Hafiz hakuwa na samahani. "Utaenda Pwani mwenyewe, uingie matope ya mikoko, ulete sampuli nyingine. Halafu ndio tuongee habari ya kazi."

Walipotoka nje, Bi Samsam akamsukumia kinu. "Shika. Mkono umeniuma."

Alikibeba hadi Bondeni, jua la mchana, hatua kadhaa nyuma ya mamake. Kila baraza waliyopita, watu walimpungia mkono kwa furaha.

"Profesa!"