Ng'ombe Aliniumbua Mbele ya Mama Mkwe

Nimekosa, jamani! Nilidhani nitanyamaza yaishe, lakini kila nikipeleka majani ya chai kituoni watu wananilia "mooo", kwa hivyo heri niseme mwenyewe.

Sebuleni nina redio kubwa ya zamani yenye deki ya kaseti. Nimeiunganisha na swichi ya saa. Unabonyeza kitufe cha kurekodi mapema, saa ikifika stima inaingia, deki inaanza kazi hata kama uko shambani ukichuma chai. Nilijivuna nayo Mogogosiek nzima!

Mama mkwe akatuma salamu redioni, mara ya kwanza maishani mwake. Akaambiwa zitasomwa Jumamosi saa nane, na saa hiyo angekuwa Kapsoit kwenye semina ya kina mama wa kanisa. Kwetu mtu na mama mkwe hawazoeani ovyo, kwa hivyo alimtuma mke wangu: "Ambia baba watoto anishikie hiyo sauti. Nataka nisikie jina yangu kabla nikufe."

Nikaitikia vizuri. Kisha, masikini mimi, nikasogeza saa hadi saa kumi ili nisikose mpira!

Jumapili asubuhi nikasikiliza kaseti. Mpira mtupu! Na mama alikuwa anakuja mchana huo na wenzake watatu. Ningekiri yangeisha. Lakini mimi ndiye MC wa harusi za huku, na shetani akaninong'oneza kwamba sauti ya mtangazaji naiweza.

Nikasingizia tumbo, mke wangu akaenda kanisani na watoto. Nikachomeka maikrofoni, nikasafisha koo, nikasoma salamu za mama kwa madaha. Nilijiona mtamu mno, hata sikurudia kusikiliza.

Wageni wakafika. Mama mkwe akaketi mbali nami, kama heshima inavyotaka, akafumba macho. Jina lake lilipotajwa, machozi yalimtoka. Niliona aibu, na nilifurahi pia, sitawadanganya tena!

Mara, katikati ya salamu, ng'ombe akalia ndani ya kaseti.

Si ng'ombe yeyote. Ni yule ambaye mama mwenyewe alimpa binti yake akiwa ndama, mwenye sauti ya kukwaruza tangu akwamwe na gunzi la mahindi. Mama akafumbua macho, akamgeukia mke wangu.

"Mama Chebet, hii ng'ombe yetu ilienda stesheni lini?"

Akamaliza chai yake, akaaga kila mtu isipokuwa mimi. Niliumia, wacha tu!

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye foleni ya kupima majani, redio ya karani ikiwa juu. Mtangazaji, wa kweli safari hii, akasoma: "Mama mmoja wa Silibwet anamsalimia mkwe wake huko Mogogosiek. Anasema amemsamehe, lakini kwa hiyo boma mwenye husema ukweli ni ng'ombe peke yake."

Wee! Karani aliacha mizani akashika mbavu.

Nilikimbia nyumbani. Mke wangu alikuwa ametegesha saa barabara, na deki ilikuwa imenasa kila neno. Nikasema nitarekodi mpira juu yake. Kitufe kikakataa kuingia! Kumbe mke wangu ameshavunja kile kijino cha plastiki mgongoni mwa kaseti, na kikivunjwa haifutiki tena.

Ndugu zangu, ukimkosea mama mkwe, sema umekosa siku hiyo hiyo. Mimi sasa mgeni akija kwetu anakaribishwa chai, kisha anawekewa kaseti.